Hiyo homa yako ndogo, usimpelekee shosho

Nikuulize, ujijibu kimyakimya: mara ya mwisho ulipopata homa, ulikaa wapi? Kama unaishi Buruburu kama mimi, huenda ulikaa papo hapo sebuleni, kochi moja na shosho, mkitazama habari za saa moja, wewe ukipenga kamasi na kusema, "Ni kahoma tu."

Nami nilisema hivyo. Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Nairobi huganda na nganya za Buru hufungwa madirisha yote, mziki ukipasua masikio. Nilishuka steji koo likiwasha, nikaingia nyumbani, nikamsalimia shosho kwa mkono na kukaa karibu naye, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Siku mbili baadaye nilikuwa mzima, nimerudi kwa mbogi yangu. Siku ya tano, shosho aliacha kula. Hakuwa na joto jingi mwilini, wala hakukohoa sana. Alimwita guka mara mbili, akidhani yuko jikoni, na guka alikufa zamani. Tukasema ni uzee. Kumbe ilikuwa nimonia. Alilazwa siku tisa, na kuna siku daktari alituita pembeni, akazungumza kwa sauti ya chini.

Alirudi nyumbani, lakini ngazi zilimshinda. Siku hizi analala chini, pale palipokuwa na meza ya kulia.

Sikusimulii haya ili unihurumie. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna aliyenilaumu. Kwetu homa haihesabiwi kuwa kitu ambacho mtu humletea mwenzake. Tunasema "alipigwa na baridi" au "alitoka bila sweta." Jamani, sweta haileti virusi. Mimi ndiye niliyetoka navyo nje.

Na ujanja wa virusi vya influenza ni huu: unaweza kuanza kuambukiza siku moja hivi kabla hujahisi lolote, kisha ukaendelea kwa siku tano hadi saba. Mwili wa miaka 22 unavimaliza vita haraka. Wa miaka 75 una kinga iliyochoka, na mara nyingi una presha au kisukari juu yake. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na influenza, hatari ya kupata mshtuko wa moyo ilikuwa mara sita hivi kuliko nyakati nyingine. Kwa hivyo mzee anaweza kuanza na mafua na kumalizia kwa moyo, na mtaani tukasema "alikufa ghafla." Kuna pia virusi vya RSV, ambavyo wengi huvijua kama shida ya watoto wachanga, lakini wazee nao huvilazwa hospitalini. Na korona haijahama. Shirika la Afya Duniani lilichotangaza Mei 2023 ni kwamba si dharura tena ya dunia, basi.

Sasa tazama nyumba zetu. Buruburu ilijengwa miaka ya 1970, kila maisonette ikikusudiwa familia moja. Walionunua wakiwa vijana wa ofisini leo ndio wazee wetu. Sisi tumezaana, tukajenga ekstensheni mbele na nyuma, tukaweka wapangaji, hadi dirisha la sebule linatazama ukuta. Hewa aliyokuwa akipata shosho mwaka 1980 haipo tena, na anayekaa humo kutwa ni yeye. Sisi tunaingia na kutoka na hewa ya matatu, ya klabu, ya darasa.

Mwaka 2020 tulijua haya yote. Aprili Nairobi ilifungwa, hutoki huingii, na kila mtu akawaogopea wazee wa ushago. Machi 2022 sheria ya barakoa ilipoondolewa, tuliitupa pamoja na akili. Siombi turudi kule. Kufungia wazee ndani bila wageni nako kuliwaumiza, na shosho bado husema ule mwaka ulimzeesha kuliko maradhi.

Ninachoomba ni kidogo mno. Ukiwa na homa, msalimie ukiwa mlangoni na umwambie wazi, "Shosho, niko na homa, nitakuja nikipona." Hatakasirika. Kama mnalala chumba kimoja na huna pa kwenda, vaa maski, fungua dirisha, nawa mikono kabla hujamshikia kikombe. Kikohozi chake kisikufanye ukimbie kwa kemisti kununua antibayotiki kwa kukisia. Hizo haziui virusi. Akianza kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka au kuhema haraka, usingoje joto lipande. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna chanjo, na hapa ndipo nina hasira kidogo. Uingereza, mtu wa miaka 65 na zaidi huchanjwa mafua bure kila mwaka. Hapa Kenya hatuna mpango wa kitaifa wa namna hiyo kwa wazee. Unaipata katika baadhi ya hospitali za kibinafsi, kwa pesa zako. Hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na kwetu influenza huzunguka karibu mwaka mzima, si Julai peke yake. Haizuii kila kitu, ila hupunguza hatari ya kulazwa. Tunaweza kuisumbua serikali, na tuisumbue. Lakini wikendi hii piga simu hospitali mbili tatu uulize bei, kisha ulinganishe na ulichotumia kwa sherehe ya mwisho. Mimi na binamu zangu watatu tulichanga. Kabla ya kulipa, muulize daktari wake kama inamfaa na ni chanjo gani nyingine anahitaji.

Shosho alichanjwa, akalalamika mkono unamuuma kwa siku moja. Sasa analalamikia dirisha ninalofungua kila asubuhi, eti nataka kumuua na baridi. Nimemnunulia blanketi la Kimasai. Ameliweka magotini, dirisha liko wazi, na bado hajaniamini.