Kilo za chai zinapomezwa na kompyuta

Leo tuwageukie vijana wa kompyuta, hasa wanaoandika programu za tovuti kwa lugha ya Perl. Lugha hii iliundwa na Mmarekani Larry Wall mwaka 1987. Wengi sasa wamehamia lugha nyingine, lakini programu za Perl za zamani bado zinachapa kazi, na huenda siku moja ukakabidhiwa mojawapo na kuambiwa, "Hii imegoma, hebu itazame."

Tuchukue mfano wa Chepseon, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, huyapeleka kituoni, yakapimwa na kilo zake zikaandikwa. Tuseme wewe mwanafunzi umewaandikia majirani programu ya kujumlisha kilo hizo na kuzionyesha kwenye intaneti. Jumla hiyo ndiyo karo ya watoto, kwa hivyo hapa hakuna kubahatisha.

Sasa ukurasa umekataa kufunguka, unaona tu namba 500. Usianze kubadilisha mistari ovyo ovyo. Seva imekunyima maelezo pale, lakini imeyaandika kando, katika faili ya makosa. Kwa Apache iliyo kwenye Debian au Ubuntu, faili hiyo kwa kawaida ni /var/log/apache2/error.log. Soma mistari ya mwisho kwanza.

Ikisema CGI.pm haipatikani, jua kwamba tangu Perl 5.22 ya mwaka 2015 moduli hiyo haiji tena pamoja na Perl. Itabidi uiweke mwenyewe. Ikisema umenyimwa ruhusa, ipe programu ruhusa ya 755. Ikidai faili haipo, nawe unaiona kwa macho yako, pengine uliiandika kwenye Windows, na mwisho wa mstari wa kwanza kuna alama isiyoonekana. Ihifadhi upya kwa mtindo wa Unix. Ikilalamika juu ya vichwa vya ukurasa, hakikisha programu inachapa Content-Type na mstari mtupu kabla ya neno lingine lolote. Na kabla ya kupeleka chochote kwenye seva, andika perl -c na jina la faili, ili sarufi yake ikaguliwe.

Hayo, msomaji wangu, ni makosa yanayopiga kelele. La kuogopwa ni kosa linalonyamaza.

Mama mmoja ana kilo 980 mwezi wa kwanza, 1,150 mwezi wa pili na 870 mwezi wa tatu. Jumla ni 3,000. Ukurasa unafunguka vizuri, rangi zinapendeza, lakini unaonyesha 1,851! Kilo 1,149 zimekwenda wapi? Zimemezwa na koma. Perl inaposoma "1,150" kama namba, huishia kwenye koma na kuchukua 1 tu, kisha huendelea na hesabu kana kwamba hakuna lililotokea.

Dawa yake ni mistari miwili juu ya kila programu: use strict, na use warnings, Ule wa pili utaifanya Perl iandike katika faili ya makosa kwamba "1,150" si namba, na itaje mstari wenyewe. Wewe utaondoa koma kabla ya kujumlisha. Ule wa kwanza utakataa jina ulilokosea herufi, ambalo vinginevyo lingehesabiwa kuwa sifuri.

Wako wanaotumia CGI::Carp ili makosa yajitokeze kwenye ukurasa wenyewe. Fanya hivyo ukiwa unajaribu peke yako. Kabla ya kuwafungulia watu, iondoe, maana mgeni asiye na nia njema ataona siri za seva yako.

Mwisho, usiridhike kwa kuwa ukurasa umefunguka. Chukua risiti tatu za mkulima, jumlisha kwa kalamu na karatasi, kisha linganisha na kompyuta. Zisipopatana, rudi kwenye ile faili ya makosa, na uisome hata siku ambazo hakuna aliyelalamika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Programu nayo huficha yake, na anayeumbuka ni mkulima siku ya malipo.