Kadi ya manjano na safari ya Kalemie

Mwezi wa tatu rafiki yangu alinipigia simu kutoka Kasekese. Alikuwa na magunia kadhaa ya mchele, na dada yake aliyeolewa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwa amemwambia kuwa mchele unatoka haraka na vitenge vinapatikana kwa bei nzuri. "Twende wote," akasema. "Wewe unajua mambo ya afya, mimi najua biashara." Nilikubali papo hapo. Kongo nilikuwa naiona kwenye ramani tu.

Nitamwita Mama Eliza, ingawa si jina lake. Wakati huo mtoto wake alikuwa na miezi saba na bado ananyonya.

Pasi zilipotoka, tulikwenda kuchanjwa homa ya manjano. Kongo hudai cheti cha chanjo hiyo kwa wageni wanaoingia, na ukirudi Tanzania kutoka huko utadaiwa pia. Muuguzi alinichanja mimi kwanza. Zamu ya Mama Eliza ilipofika akamuuliza, "Unanyonyesha? Mtoto ana umri gani?" Aliposikia miezi saba, hakuendelea.

Sababu ni hii. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Mtu mzima mwenye afya havimsumbui. Lakini vinaweza kumfikia mtoto mchanga kupitia maziwa ya mama, na wapo watoto wachache duniani waliowahi kupata uvimbe wa ubongo kwa njia hiyo. Ndiyo maana mama anayemnyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa hushauriwa kusubiri, isipokuwa hatari ya ugonjwa ni kubwa na safari haiwezi kuahirishwa. Mjamzito naye sharti aseme mapema, ili mtaalamu apime faida na hatari.

Mama Eliza alitoka pale amenuna. Mchele ulikuwa stoo na fedha za watu zilikuwa ndani yake. Jioni akaniambia kuna mtu anaweza kumpatia kadi yenye mhuri bila sindano. "Hata mtoto hatadhurika," akasema. Hapo alikuwa sahihi. Lakini yeye mwenyewe angekwenda bila kinga kwenye nchi yenye ugonjwa huo, ambao hauna dawa ya kuua virusi vyake. Tulibishana hadi sauti zikapanda. Aliyetupatanisha ni mama mkwe wake: "Mchele hauozi kwa miezi miwili. Wewe ukiugua, huyu namlea na nani?"

Tukasubiri. Eliza alipofikisha miezi tisa alipelekwa kliniki kwa chanjo ya surua na rubela, na wiki hiyohiyo mama yake akachanjwa ya kwake. Baada ya hapo zilibaki siku kumi, maana cheti huanza kutambulika siku ya kumi tangu sindano. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 dozi moja inatambulika maisha yote.

Tuliondoka Karema jioni, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea maisha, ziwa likiwa limetulia. Eliza alibaki na bibi yake. Usiku maziwa yalimjaa mama yake hadi akalia kwa maumivu. Ikabidi ayakamue kwenye kikombe na kuyamwaga ziwani. Mama unayenyonyesha ukisafiri bila mtoto, kamua kila baada ya saa chache ili matiti yasivimbe na maziwa yasikauke.

Bandarini ofisa wa afya alisoma kadi moja moja: jina, tarehe, namba ya toleo la chanjo. Kijana aliyekuwa mbele yetu kadi yake haikuwa na namba hiyo. Akawekwa pembeni. Mama Eliza alinitazama, hakusema neno.

Kalemie, ambayo Wabelgiji waliiita Albertville, tuliizunguka kwa miguu siku tatu. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara ukitazama upande uliozoea utagongwa. Kiswahili kipo, ila bei nyingi zinatajwa kwa Kifaransa, na kisamvu wanakiita sombe. Tulikwenda kuuona mto Lukuga, mto pekee unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu hurudi mara kwa mara mjini humo, hivyo tulikunywa maji yaliyochemshwa, tukala chakula cha moto, na pakiti za ORS zilikaa kwenye mkoba. Hatukuzihitaji.

Jioni ya kwanza Mama Eliza alipiga simu nyumbani saa mbili, muda ambao mtoto huwa macho. Bibi akajibu kwa kunong'ona: Kasekese ilikuwa saa tatu, Eliza amelala. Tulisahau kuwa Kalemie iko nyuma kwa saa moja. Akaomba simu iwekwe karibu na mtoto, akasikiliza anavyopumua mpaka salio likaisha.

Mzazi mwenye safari ya Kongo, anza na chanjo kabla ya nauli. Ulizia hospitali ya mkoa mahali inapotolewa, taja umri wa mtoto anayenyonya hata usipoulizwa, kisha hesabu siku kumi. Vitenge vitakusubiri, vya Mama Eliza vilimsubiri.