Je, Mtu Huwa Haramu?

Juni 2025 nilikuwa Mofu, kwetu, katika bonde la Kilombero. Mpunga ulikuwa umekwisha kuiva, nami nilikuwa juu ya dungu pamoja na mjomba wangu tukiamia ndege. Kazi ya kuamia ndege ni ya kukaa, kupiga kelele na kungoja, na aliye na redio huikaribisha dunia nzima shambani. Siku hiyo dunia iliyotufikia ilikuwa Los Angeles. Msomaji wa habari alieleza kwamba maafisa wa uhamiaji walikuwa wakiwakamata watu makazini, kwamba wenyeji walikuwa wameingia barabarani kupinga, na kwamba Rais Donald Trump alikuwa amepeleka askari wa Ulinzi wa Taifa pasipo ridhaa ya gavana wa California. Katika habari hiyo fupi maneno mawili yalirudiwa mara kadhaa: wahamiaji haramu.

Mjomba aliishusha kombeo yake akaniuliza, “Mpwa wangu, wewe umesoma. Nyama haramu naijua kwa jirani zangu Waislamu. Pombe haramu naijua kwa polisi. Huyu mtu haramu ni nani?”

Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Nayaleta mbele ya malenga na wapenzi wa lugha kwa sababu naamini swali lake linatuhusu sisi kabla ya kuwahusu Wamarekani.

Tuanze na neno lenyewe. Haramu limetujia kutoka Kiarabu, na limekaa katika Kiswahili kwa uzito wa dini: lililokatazwa na Mungu, lililo najisi, lisiloguswa. Kisha likapanuka hadi kwenye sheria za serikali, tukapata biashara haramu, uvuvi haramu na mikusanyiko haramu. Hadi hapo sina ugomvi nalo, kwa kuwa linasifu matendo na vitu. Mhamiaji, hata hivyo, ni ngeli ya kwanza: ana mama, ana njaa, ana jina. Tunaposema “uvuvi haramu” tunahukumu tendo ambalo mvuvi anaweza kuliacha akarudi nyumbani salama. Tunaposema “mhamiaji haramu” tumeihamisha hukumu kutoka tendoni tukaitia mwilini. Na lugha yetu ina ndugu wa karibu wa usemi huo: mwanaharamu, tusi linalomwadhibu mtoto kwa jambo asilolitenda. Hakuna Mswahili alisikiaye hilo la kwanza asiyesikia kwa mbali mwangwi wa hili la pili.

Nitajibiwa kwamba hii ni istilahi tu, na kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Ya pili naikubali. Raia wa Marekani wana haki ya kuamua kwa kura nani aingie kwao na kwa utaratibu gani. Tarehe 5 Novemba 2024 waliamua, na mgombea aliyeahidi kuwafukuza watu kwa wingi ndiye aliyeshinda. Simwombi Mmarekani afute mpaka wake. Ninachouliza ni kama haki ya kufunga mlango ni haki ya kumvua utu anayebisha hodi. Mtu aliyeingia nchi bila kibali amevunja sheria, na anaweza kushtakiwa, kusikilizwa na hata kurudishwa kwao. Yote hayo yanawezekana huku akiendelea kuitwa mtu. Asiye na kibali ni mtu aliyepungukiwa na karatasi. Aliye haramu amepungukiwa na nini?

Na upungufu huo wa maneno huzaa upungufu wa matendo. Julai 2025 Marekani iliwapakia watu watano katika ndege ikawashusha Eswatini, ingawa walikuwa wa asili ya Vietnam, Jamaika, Laos, Yemen na Kyuba. Mwezi uliofuata Rwanda na Uganda zilithibitisha kwamba zimekubaliana na Marekani kuwapokea watu wa aina hiyo. Walikuwa na hatia za jinai, tuliambiwa, na huenda ndivyo. Lakini adhabu ya jinai ina mwisho, na kutupwa katika nchi usiyoijua lugha yake wala kaburi lake hata moja ni jambo jingine kabisa. Siku hizi jambo hilo liko mlangoni petu Afrika Mashariki, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba siasa ya Marekani haituhusu.

Neno siasa nalo lina mafunzo. Katika kamusi za zamani za Kiswahili lilibeba maana ya upole, uangalifu na kiasi. Kumwambia mtu jambo kwa siasa kulikuwa kumwambia taratibu, bila kumvunjia heshima. Leo maana hiyo imefifia, imebaki ile ya kugombea madaraka. Sitaki kujidanganya kwamba wazee wetu walikuwa wapole kuliko sisi. Pwani iliyolitumia neno hilo ndiyo pwani iliyouza watu. Hata hivyo, lugha ilihifadhi wazo kwamba kuongoza watu na kuwahurumia ni kazi moja.

Na raia je? Asili yake ya Kiarabu ni kundi la wanyama lililo chini ya mchungaji. Sisi tukaliongezea neno letu, mwananchi, yaani mtoto wa nchi. La kwanza linatutaka tutii. La pili linatudai tuilee nchi kama mtoto mkubwa anavyomlea mzazi mzee. Wajibu wa uraia, nionavyo, ni kuvuka kutoka neno la kwanza hadi la pili. Mpiga kura wa Ohio akitambua kwamba kura yake inamfikia mtu asiye na kura, awe ni mfanyakazi wa shambani California au mkulima wa Mofu, amevuka. Asipotambua, bado yumo zizini, ingawa zizi lake ni tajiri.

Sasa nirudi nyumbani, maana kidole kinachonyooshwa Washington hakina budi kurudi Kilombero.

Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo katika bonde letu. Sababu zake hazikuwa za kubuni. Bonde hili limetambuliwa tangu 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ng’ombe walikuwa wengi, mpunga ulikuwa ukiliwa, na wakulima na wafugaji walikuwa wakiumizana. Lilihitajika suluhisho. Lakini kabla ya malori kuja, lilikuja neno: wavamizi. Tulilitumia sote, vilabuni, kisimani, kanisani. Nami nilifanya zaidi ya kulitumia. Nilitunga shairi la beti tisa lenye kibwagizo cha kuwataka wavamizi watoke, nikalighani katika mkutano wa kijiji, nikapigiwa makofi. Vina vilikuwa safi na mizani ilitimia. Sijapata kutunga shairi lililopendwa kama lile.

Wiki chache baadaye nilimwona kijana wa Kisukuma niliyekuwa nikimfundisha kusoma jioni. Alikuwa juu ya lori, katikati ya masufuria na magodoro. Alizaliwa bondeni humu, na kitovu chake kimezikwa humu. Aliniamkia, “Shikamoo mwalimu.” Nikaitikia marahaba, na lori likaondoka. Hakuwa amevamia kitu chochote maishani mwake. Nilikuwa nimempa jina mimi, na jina lilikuwa limefanya kazi yake.

Ndiyo maana mwaka 2025 niliposikia kwamba rais mpya wa Marekani, siku ileile ya kuapishwa, ametia saini amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa nchini humo, sikuweza kulaani kwa sauti kubwa. Katiba yao, kwa Rekebisho la 14 la mwaka 1868, iliweka msingi kwamba aliyezaliwa pale ni wa pale, ili watoto wa watumwa walioachwa huru wasiambiwe tena kwamba si raia. Kwa Kiswahili tungesema kitovu ndicho hati. Mahakama ziliingilia kati kuizuia amri hiyo. Shairi langu halikuzuiwa na mahakama yoyote.

Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963, alitupatia kioo cha jambo hili. Baada ya hotuba ya Antony umati unaingia mitaani kuwatafuta wauaji wa Caesar, unakutana na mtu aitwaye Cinna. Anajitetea kwamba yeye ni Cinna mshairi, wala si Cinna mla njama. Haimsaidii, jina linatosha. Watu hulisoma tukio hilo kama mzaha mchungu juu ya washairi. Mimi nalisoma kama onyo kwetu: umati uliokwisha kupewa jina la kuchukia hauulizi jina hilo ni la nani, na mara nyingi aliyeutia hamaki ni fundi wa maneno.

Tusisahau lakini kwamba tumewahi kufanya vyema. Tanzania iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao, na wakapokea vyeti vyao kuanzia 2014. Baada ya miaka arobaini ya kuitwa wakimbizi, wakawa wananchi. Mataifa mengi makubwa yenye mali maradufu hayajathubutu tendo la aina hiyo. Na tumewahi kufanya vibaya. Juni 2012, mkoani Dodoma, ilipatikana miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokufa kwa kukosa hewa ndani ya lori wakisafirishwa kuelekea kusini. Hata katika mauti yao, tuliwaita wahamiaji haramu. Maiti haramu!

Kwa miongo mingi habari za Marekani zilitufikia kwa Kiswahili kutoka Washington kwenyewe, kupitia Sauti ya Amerika. Machi 2025 sauti hiyo ilinyamazishwa na serikali yake. Kazi ya kuwatafsiri Wamarekani imetuangukia sisi: wahariri, watangazaji, walimu, na ninyi malenga ambao watu huazima misemo yenu bila kujua. Pendekezo langu ni dogo. Tuseme wahamiaji wasio na kibali, au wasio na hati. Ni silabi chache zaidi, nazo zinasema ukweli zaidi, kwa sababu zinataja kinachokosekana bila kumhukumu anayekikosa. Atakayesema kwamba magazeti hayana nafasi, nitamkumbusha kwamba sisi tumezoea kubana ulimwengu katika mizani kumi na sita. Kubana kwetu kusiwe kwa kumfinya mtu.

Mjomba nilimjibu jioni, tukishuka dungu. Nilimwambia kwamba mtu haramu hayupo; kuna mtu aliye mbali na kwao, na kuna wanaomtazama. Alitafakari, akasema, “Basi waambie wenye redio.” Nawaambia. Na kwa yule kijana wa juu ya lori, ambaye pengine leo ni mtu mzima mahali nisipopajua, nalifuta shairi langu la beti tisa kwa ubeti huu mmoja:

Hapana mtu haramu, hata avuke mipaka,
Haramu kumdhulumu, kwa jina tulompaka,
Tuzichunge na kalamu, kwani neno huwa shoka,
Ulimwengu ni wa zamu, kesho nasi twaondoka.