Mkishindwa na Jenereta, Msimsingizie Bibi wa Wampembe

Wadau, ile video mnaijua. Bibi kakaa mlangoni kwake, kanga imepauka, macho mekundu, anamenya mihogo. Simu inamsogelea mpaka usoni, nyuma ya simu watu wanacheka, halafu yanatokea maandishi makubwa: "TUMEKUTANA NAYE LAIVU, RUBANI MKUU WA UNGO, SUMBAWANGA." Laiki zikamiminika. Wiki moja baadaye walioiposti walishasahau, wako Masaki wanakunywa kahawa. Bibi yeye hajahama. Yupo palepale kijijini, na majirani zake nao wana simu.

Majina yanabaki kapuni. Wenyewe wanajijua, na wakitajwa watafurahi, maana kwao hiyo nayo ni kiki. Itoshe kusema ni kampani ya watu tisa: msanii wa Bongo Fleva mwenye wimbo mmoja uliopendwa, dada wa mawigi, mchekeshaji wa mtandaoni, mshereheshaji wa harusi, wapiga picha wawili, na wengine wa kusindikiza. Msimu wa sikukuu wakasema hawaendi Zanzibar, kila mtu kaenda. Lushoto nako kumejaa. Wanataka sehemu "ambayo hata Google haijafika". Wakapata nyumba ya kupanga mlimani juu ya Wampembe, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Vyumba vinne, baraza linatazama Ziwa Tanganyika. Wakachanga hela, wakaenda kula bata siku sita.

Mpaka hapo hakuna kosa. Aliyetafuta hela yake ana haki ya kuila. Na kwa kuchagua mahali, tuwape sifa zao, walijua kuchagua. Ule uwanda wa Ufipa uko juu, sehemu kubwa imepita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, baridi yake inataka sweta. Ukishika barabara ya Kitosi kwenda Wampembe unaanza kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, hadi ziwani kwenye mita kama 770 hivi. Masikio yanaziba, joto linapanda, halafu ghafla unaliona ziwa lote. Kina chake kinafika mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Ng'ambo kule ni Kongo. Mtu mwenye akili timamu akifika pale ananyamaza kwanza.

Hawa hawakunyamaza. Kila kilichowashinda safarini wakakiita uchawi.

Lilianza gari. Wamekuja na gari ya chini, matairi yameisha, mvua za Desemba, barabara ya udongo, mteremko. Likanasa kwenye tope saa nne nzima. Vijana wa kijiji wakaja na majembe na kamba wakalitoa. Posti iliyopanda jioni hiyo: "Tumefungiwa njia, wazee wa huku hawataki wageni." Yaani waliosukuma gari mpaka wakarushiwa tope usoni ndio haohao wasiotaka wageni! Dereva yeyote wa lori la Nkasi angewaambia bure kwamba mvua ikinyesha ile njia inataka gari ya juu na mtu anayeijua.

Likafuata jenereta. Usiku wa pili, saa tatu, giza. "Tumezimiwa taa na wataalamu wa usiku." Wataalamu gani? Mtunza nyumba aliwaeleza siku waliyofika: mafuta haya ni ya kuwasha jioni hadi saa nne, mkitaka zaidi inabidi yaagizwe mapema maana hakuna sheli mlangoni. Wao wakaliwasha toka asubuhi, spika mbili, friji, droni, simu tisa na taa za kupigia picha. Mafuta yakaisha. Jenereta halihitaji mchawi ili lizime, linahitaji tangi tupu tu.

La tatu, dagaa. Walitaka video ya kula dagaa wabichi wa Tanganyika, wakaambiwa usiku huo hakuna. Mchekeshaji akaposti kwamba "wenyeji wanatuficha samaki, wanawala na mizimu yao". Sasa mtoto wa darasa la pili wa pale Wampembe anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta wajae juu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Wageni wangetazama juu tu wangeuona huo mwezi, tena picha zao za usiku ule zinauonyesha vizuri sana.

La nne ndilo lililowapa laiki nyingi: radi. Ilipiga mti bondeni, wote wakapiga kelele, kamera zikawa zinarekodi. "Radi ya kutumwa." Huu utani wa radi za Sumbawanga ni wa siku nyingi, kila Mtanzania kausikia. Lakini angalia ramani. Ziwa kubwa lenye maji ya uvuguvugu, ukuta wa milima pembeni yake, hewa yenye unyevu inapanda huo ukuta inapoa, mawingu yanajengeka marefu, radi lazima. Mwaka 2016 watafiti waliotumia data za setilaiti ya NASA walipanga sehemu za dunia zinazopigwa radi zaidi. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, ya pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo, ukanda huu huu wetu wa maziwa na milima. Kama radi ni uchawi, basi Venezuela ndiyo makao makuu na Sumbawanga ni tawi.

Hayo manne tungeyacheka yakaisha. Watu wa mjini kushangaa mambo ya kawaida ni burudani ya zamani. Ila la tano si la kucheka.

Siku ya nne walikosa kontenti. Wakashuka kijijini, wakamkuta yule bibi. Kwa maelezo ya waliokuwepo, hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo. Yeye ndiye aliyeanza, "Karibuni wajukuu zangu," akataka kuwapa mihogo. Mmoja akamwambia, "Bibi, hebu geuka huku kidogo, jua linapiga vibaya." Akageuka, maana mgeni kaomba. Hakuambiwa kitaandikwa nini. Hakuulizwa kama anakubali.

Na yale macho mekundu waliyoyavuta karibu kwa kamera yana maelezo. Ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni, mafiga matatu, chumba kisicho na dirisha, miaka hamsini au sitini, macho yake yatakuwaje? Hayo ni macho ya mtu aliyelisha watu. Lakini nchi hii inajua macho mekundu yamefanya nini. Kule Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu hiyohiyo, mtu katazamwa usoni, kapewa jina la mchawi, usiku wamemfuata. Rukwa nako si salama na imani hizi. Mwaka 2013 watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo mkoani humo, na mtoto mdogo alikuwa mmojawao. Damu hiyo haikuanza na panga. Ilianza na mtu mmoja kusema jambo, na wengine kuliamini.

Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, zile tunazoziita ramli chonganishi. Mpiga ramli anafanya nini? Hatoi ushahidi. Anamnyooshea mtu kidole, anasema "huyu hapa", anachukua chake, anaondoka. Kijiji kinabaki na kazi ya kumalizia. Sasa pimeni wenyewe: aliyemwelekezea bibi kamera, akaandika "huyu hapa", akavuna laiki na tangazo la mawigi, akaondoka na gari, ana tofauti gani na mpiga ramli? Tofauti ni bando. Mganga alikuwa anasikiwa na watu kumi ndani ya kibanda. Huyu anasikiwa na laki tatu, na video haifi.

Watetezi wao wamejaa. Wa kwanza anasema, "Ni utani tu, Wafipa wenyewe wanajitania uchawi." Ni kweli wanajitania. Ila utani una taratibu zake, wazee walizijua. Mtani anakutania ukiwa unamwona, na wewe una ruhusa ya kumrudishia, tena kwa kumzidi, mkimaliza mnakula pamoja. Ukifiwa, mtani ndiye wa kwanza kuja kuchota maji na kukufanya ucheke. Huyo bibi angerudishia wapi? Hana akaunti. Aliyemtania hatakwenda kwenye msiba wake, hata jina lake hakuuliza. Utani usio na njia ya kurudi ni matusi.

Wa pili anasema, "Angalau wameitangaza Wampembe." Wameitangaza kwa nani? Familia gani ya Dodoma au Arusha itapanga ile nyumba baada ya kuambiwa usiku watazimiwa taa na mizimu? Pale wageni wana maana. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wazaane. Miezi mitatu mvuvi hashiki ziwa. Kwa kijiji kinachotegemea migebuka na dagaa, mgeni anayelipa chumba, mboga na mtumbwi ni ugali wa watu. Na kwa habari zilizozagaa, hata hapo kampani yetu ilipunja: mama aliyewapikia siku sita alipewa nusu ya walichopatana, nusu nyingine eti "tutakutaja kwenye posti". Kutajwa hakununui unga. Tena hakutajwa.

Wa tatu ndiye mjanja kuliko wote: "Mbona mnawaonea wivu?" Wivu wa kunasa kwenye tope na kulala giza? Hebu tuendelee.

Kinachouma zaidi ni kwamba stori za kweli ziliwazunguka hawakuziona. Jina lenyewe la Sumbawanga, kwa Kifipa, wenyeji hulieleza kuwa ni kutupa uchawi: wewe unayeingia mji huu, utupe mbali. Mji umejiandika mlangoni "acha uchawi nje", wao wamesafiri kutoka Dar kwenda kuuokota. Mababu wa Kifipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kimo, upepo unavuta moto wenyewe bila mivukuto. Hiyo si kontenti? Ile Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa kutoka majini 1924, imepita mwambao huo miaka na miaka, ilipofika Wampembe ilikuwa inapokewa na mitumbwi katikati ya maji, watu na magunia walikuwa wanapanda na kushuka humohumo. Mzee yeyote pale kijijini angewasimulia hayo hadi alfajiri. Walitakiwa kuketi tu, na kusema shikamoo.

Sasa wafanye nini? Waifute ile video, na waombe kila aliyeirusha aifute. Wasije na ile "samahani kama kuna aliyeumia", maana aliyeumizwa anajulikana, wamemrekodi wenyewe. Waseme hadharani, kwa ukubwa uleule wa maandishi, kwamba walisema uongo: gari lilinasa kwa tope, jenereta liliishiwa mafuta, dagaa walikosekana kwa mbalamwezi, na bibi ni bibi. Wampelekee mwenyekiti wa kijiji maneno hayo ayasome mkutanoni, kwa sababu uongo umefika kule na ukweli lazima ufike kulekule. Mama aliyepika alipwe nusu yake. Wakikaidi, wakumbuke Katiba ya 1977, Ibara ya 16, inalinda heshima na faragha ya kila mtu. Haikuandika "isipokuwa bibi wa kijijini".

Na sisi tunaolaiki? Tusijitoe. Video ile haikupaa yenyewe, ilipaishwa na vidole vyetu. Ukikutana nayo tena usiirushe hata kwa kusema "jamani angalieni upuuzi huu", maana ukishairusha umeshamwongezea bibi watu wa kumtazama vibaya. Iripoti, ipite.

Wampembe nendeni. Nendeni na gari ya juu, mafuta ya kutosha na hela kamili ya mpishi. Mkifika mlangoni kwa mtu salimieni kwanza, simu ikiwa mfukoni.

Mdau, wewe unasemaje? Tiririka hapo chini, ila bibi wa watu muache apumzike.