TAHARIRI: KABATI LA VITABU LIFUNGULIWE



Mkutano mkuu wa ushirika wetu umekaribia, na ajenda mojawapo ni lile kabati la vitabu lililofungwa ofisini. Wako wanaosema vitabu vile ni vya watu wa shule, eti mkulima atavifanyia nini? Kabla hatujanyoosha mikono, tumtazame kijana mmoja wa jirani zetu Malawi, William Kamkwamba.

Alizaliwa mwaka 1987, akakulia kijiji cha Masitala, wilaya ya Kasungu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mahindi na tumbaku, na yeye ndiye mtoto wa kiume peke yake kati ya dada sita. Mwaka 2001 mpaka 2002 njaa kubwa iliipiga Malawi. Nyumbani kwao walikula mlo mmoja kwa siku. Karo ya sekondari ilikuwa dola 80 kwa mwaka, baba hakuwa nazo. Kijana akarudishwa nyumbani akiwa na miaka 14.

Basi hakukaa kijiweni. Shule ya msingi ya Wimbe ilikuwa na maktaba ndogo, rafu tatu tu. Akawa anaazima vitabu ili wenzake wasimwache mbali. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini alitazama michoro kwanza, halafu akatafuta maana ya maneno yaliyo kando yake. Mapenzi yake yakawa fizikia: sumaku, dinamo, umeme. Kitabu kimoja kilikuwa na picha ya vinu vya upepo. Akawaza, kama yuko binadamu aliyejenga hivi, mimi nitashindwaje?

Akaenda kwenye vyuma chakavu. Akaokota feni ya trekta, bomba la plastiki akalilainisha motoni na kulikata mapanga, akachukua fremu ya baiskeli na dinamo. Mnara ulikuwa wa miti ya mikaratusi. Upepo ukazungusha mapanga, mnyororo ukazungusha gurudumu, gurudumu likazungusha dinamo, na taa ikawaka. Watu waliokuwa wakimwita mwendawazimu na mvuta bangi walianza kumletea simu zao awachajie.

Mwaka 2007 aliitwa Arusha kuueleza ulimwengu kazi yake. Wafadhili wakamrudisha shule, na mwaka 2014 akahitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Tusidanganyane, ndugu. Si kila mtoto atajenga kinu, na kitabu hakilipi karo. Lakini hivi, kama rafu zile za Wimbe zingekuwa na kufuli, kijana yule angejifunza wapi? Na hapa kwetu wangapi wamerudi nyumbani kwa kukosa karo, nao wanapita kila siku mbele ya kabati letu?

Hofu ya vitabu kupotea tunaielewa. Dawa yake ni daftari la kuazimia na mtu wa kulishika, siyo kufuli. Tunapendekeza kabati lifunguliwe jioni mbili kila wiki, na aliyeacha shule aazime sawasawa na mwanafunzi. Kitabu kikipotea, aliyeazima akilipe, kwa fedha au kwa kazi shambani kwa ushirika.

Kitabu kinacholindwa mpaka kiliwe na mchwa nacho kimepotea vilevile. Wanachama, njooni mkutanoni mpige kura. Sisi tunasema kabati lifunguliwe.