Rula, DNA na vyura wa mto Auji

Najua nimepotea. Kazi za wateja zilinibana, na mnaoishi Nyalenda mnajua umeme wetu ulivyo: ukiandika mistari kumi ya msimbo bila kuihifadhi, basi wewe ni mtu wa imani kubwa. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Naandika kuhusu vyura. Ndiyo, vyura, hawa hawa wanaotunyima usingizi mvua ya Aprili ikianza. Msikimbie, kompyuta imo ndani.

Nina binamu yangu anayesomea zuolojia chuo kikuu. Masika yaliyopita alikuwa akitoka usiku na gambuti na tochi ya kichwani, anaufuata mto Auji kutoka upande wa Manyatta, anapita huku kwetu, mpaka kwenye mafunjo ya Dunga karibu na ziwa. Majirani walianza kuuliza maswali. (Mtu anayeokota ogwal usiku wa manane na kuwatia kwenye mfuko wa kitambaa... mnajua wenyewe watu watasema nini!) Kumbe alikuwa akiwapima kwa kalipa, kile kifaa cha kubana ambacho mafundi wa mashine hupimia unene wa chuma. Urefu wa mwili kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili, urefu wa muundi, upana wa kichwa, kipenyo cha jicho, kipenyo cha ngoma ya sikio. Wengi aliwaachilia, wachache akawahifadhi kwenye chupa za spiriti.

Akaniletea lahajedwali yenye mistari mia na ushee. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niambie hapa kuna aina ngapi."

Nikaona kazi rahisi sana. Kuna hesabu iitwayo uchanganuzi wa vijenzi vikuu. Unaipa safu zako zote za vipimo, nayo inakutafutia pande mbili au tatu ambazo tofauti kubwa zimelala, ili uweze kuchora kila chura kama nukta kwenye karatasi. Nikaandika mistari kama ishirini hivi, nikabonyeza. Zikatokea nukta, na nukta zikajitenga makundi mawili safi kabisa, kama mashabiki wa Gor na wa Ingwe uwanjani. Nikampigia simu usiku huo huo. Spishi mbili!

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ile safu ya jinsia umeiweka wapi?"

Nilikuwa nimeifuta. Niliona ina herufi mbili tu, M na F, nikadhani haina maana kwenye hesabu ya namba. Sasa sikilizeni: kwa vyura wengi majike huwa wakubwa kuliko madume. Nilikuwa nimetumia saa tatu na kompyuta nzima kugundua kwamba vyura wana wake na waume. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mambo haya, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba sisi wa kompyuta tuna la kusema, na pia tuna la kunyamazia.

Tuanze na rula. Vipimo vya mwili vinadanganya kwa njia nyingi. Chura mchanga si chura mdogo wa aina nyingine. Chura akikaa kwenye spiriti husinyaa, kwa hiyo ukichanganya waliopimwa wabichi na waliopimwa baada ya mwaka mmoja chupani, umejitengenezea "spishi" ya chupa. Watu wawili wakipima muundi uleule hawapati namba moja. Yote haya hayaonekani kwenye lahajedwali kama hakuna aliyeyaandika. Ndiyo maana wenye fani huondoa kwanza athari ya ukubwa, wakatazama uwiano: mguu kwa mwili, jicho kwa kichwa.

Sasa kuna wenzangu wa kazi (nawaheshimu, lakini!) wanaosema tuachane na rula. Chukua kipande kidogo cha nyama, soma DNA, linganisha herufi, kwisha. Nami nilikuwa upande huo kwa wiki kama mbili. Inavutia sana kwa mtu wa programu, kwa sababu DNA ni maandishi. Kwa vyura watu hutumia mara nyingi kipande cha jeni iitwayo 16S, herufi kama 500 hivi za A, C, G na T. Unazipanga sambamba, unahesabu zinapotofautiana. Ni kazi ileile tunayofanya kila siku tukilinganisha matoleo mawili ya faili moja.

Na kweli DNA imetuondolea aibu kubwa. Mfano ni huyu chura wa kawaida wa majani na madimbwi, mwenye mistari ya mikunjo mgongoni, anayeruka mbali kama mtu anayekimbia deni. Kwa miaka mingi vitabu vilimwita Ptychadena mascareniensis, yaani jina la visiwa vya Mascarene, kule Reunion na Mauritius. Fikiria: chura wa Kisumu na chura wa kisiwani katikati ya Bahari ya Hindi, na São Tomé upande wa pili wa bara, wote jina moja, kwa sababu ukiwaweka mezani wanafanana. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliotumia DNA ya vyura 173 kutoka bara, Madagaska na visiwani. Matokeo? Nasaba kumi tofauti zilizokuwa zimejificha ndani ya jina moja. Leo wa bonde letu la Nile huitwa Ptychadena nilotica, jina la karne ya 19 lililokuwa limelala. Rula peke yake ilikuwa imeshindwa hapo.

Lakini swali ambalo wenzangu hawaulizi ni hili: herufi ngapi zikitofautiana ndiyo spishi mbili? Tano? Kumi na tano? Mwaka 2007 watafiti wa vyura wa Amerika ya Kusini walipendekeza asilimia 3 ya 16S kama kiwango cha kuanza kushuku. Cha kuanza kushuku! Hawakusema ni hukumu. Mtu wa programu akiona namba kama hiyo anaandika "kama tofauti > 3, basi spishi mpya", anaenda kunywa chai. Namba hiyo imewekwa na binadamu, chura hana habari nayo. Zaidi ya hayo, 16S imo kwenye mitokondria, na mitokondria hurithiwa kwa mama. Baba haonekani kabisa. Ikiwa zamani aina mbili ziliwahi kuzaana, DNA hiyo inaweza kukuonyesha ukoo wa bibi huku mwili wote umefuata ukoo wa babu. Kwenye ule utafiti wa 2017 waliongeza jeni ya kwenye kiini cha seli, na wakatumia njia tatu mbalimbali za kuchora mipaka ya spishi badala ya kuamini moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hakuna jina la kuaminika bila vyote viwili, na cha tatu ambacho watu wanakisahau: chura mwenyewe ndani ya chupa, yenye namba, kwenye kabati la makumbusho.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona. Msitu wa Kakamega uko kilomita kama 50 kutoka hapa. Mwaka 2006 alitangazwa chura wa mitini wa huko, Leptopelis mackayi, na miongoni mwa walioandika ni Beryl Bwong, Mkenya mwenzetu. Kabla ya hapo alikuwa akihesabiwa kuwa Leptopelis modestus, chura wa Afrika ya Kati. Mwaka 2010 akafuata mwingine wa Kakamega, Phrynobatrachus kakamikro. Huyu ni katika wale ambao wataalamu wenyewe, kwa kukata tamaa, huwaita vyura wadogo wa kahawia. Nawaelewa! Wote wadogo, wote kahawia, na kila mmoja anabadilisha madoa apendavyo. Karatasi ileile iliyomtambulisha kakamikro ilifufua pia jina la scheffleri lililotolewa mwaka 1911. Na ili ufufue jina la 1911 ni lazima kuwe na chura wa enzi hizo aliyebaki, wa kulinganishwa na wa leo. Huwezi kulinganisha na kumbukumbu.

Mfano ulionishika zaidi umetoka Tanzania mwaka 2025. Kuna vyura wa milimani huko, jenasi ya Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini. Wanazaa watoto waliokamilika, hakuna kiluwiluwi anayeogelea. Mmoja wao, viviparus, alipewa jina na Gustav Tornier wa Berlin mwaka 1905, na tangu hapo vyura wa milima kadhaa wakawa wakitiwa kwenye jina hilo hilo. Watafiti wa nchi kadhaa, akiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwakagua zaidi ya 250 kutoka makumbusho mbalimbali, wengine wamekaa chupani zaidi ya miaka 120. Wakasoma DNA kutoka miili hiyo mikongwe, wakapima, wakalinganisha, na zikatoka spishi tatu mpya: luhomeroensis, uhehe na saliensis. Bila DNA ya wale wa zamani, usingejua jina la viviparus lenyewe ni la mlima upi, na usingejua nani kati yao anahitaji jina jipya. Na bila mtu wa miaka 120 iliyopita kuandika kibandiko, mashine ya DNA ingesoma nini?

Mtauliza, yote haya yanamhusu nini mkazi wa Nyalenda ambaye ziwa lilipopanda mwaka 2020 maji yalimfikia mlangoni? Nitawaambia kwa nini nimekasirika.

Wakati fulani kampuni moja ya ushauri (siitaji) ilinipa kazi ya kutengeneza hifadhidata ya ripoti za mazingira. Tangu Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, miradi mikubwa hutakiwa kutathminiwa athari zake kabla ya kuanza. Sehemu ya vyura ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuandika maneno. Nikafungua ripoti za zamani nione watu huandika nini. "Vyura: wapo, wa kawaida." Hiyo tu! Hakuna kipimo, hakuna picha, hakuna chupa, hakuna jina la aliyetazama. Nikauliza kama niongeze sehemu nyingine. Nikaambiwa mteja hajaomba. Nami, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa inangoja, nikaacha kisanduku kimoja.

"Wa kawaida" ni neno la hatari. Sisemi kwamba Auji ina chura asiyepatikana kwingine duniani. Wengi wao pengine ni hawa hawa wa kawaida kweli, na nilotica yumo katika nchi nyingi. Lakini kule Kihansi, Tanzania, kulikuwa na chura mdogo wa manjano aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta chache tu. Aligunduliwa mwaka 1996 wakati bwawa la umeme linajengwa, akapewa jina rasmi mwaka 1999, na maji yakageuziwa mitambo karibu wakati huo huo. Karibu vyura 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa 2000 wakazalishwe huko. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini, na mwaka 2012 ndipo watoto wa wale wa Marekani walipoanza kurudishwa. Angalau huyo alikuwa na jina. Angeandikwa "wa kawaida" kwenye kisanduku changu, nani angewapandisha ndege?

Basi nimetengeneza upya hifadhidata ile, safari hii kwa ajili ya binamu yangu, bure. Kila chura ana mstari wake: jinsia (ndiyo, nimeirudisha!), vipimo, amepimwa mbichi au baada ya spiriti, na nani. Herufi za DNA zina jedwali lao lililounganishwa na namba ya chupa, na programu inakataa kuhifadhi herufi zisizo na chupa. Jina la spishi haliko kwenye mstari wa chura kabisa. Liko kwenye jedwali la pembeni lenye tarehe na jina la aliyelitoa, kwa sababu jina ni maoni ya mtu, na maoni hubadilika. Anayeita mascareniensis mwaka 1990 na anayeita nilotica leo wote wanaonekana, na chura anabaki yuleyule.

Nilidhani nimemaliza. Juzi jioni dani akapita kuomba chumvi, akatukuta mlangoni na kalipa, chura mmoja akihangaika mkononi. Akatazama weee, kisha akamwambia binamu yangu, "Mnampima miguu? Huyu wa kwenye matope analia hivi..." akaiga, "na yule wa kwenye togo analia hivi." Sauti mbili tofauti kabisa, na mimi niliyezaliwa hapa sikuwahi kuzisikia kama mbili. Binamu yangu akaniangalia.

Ndiyo hivyo, sasa naongeza safu ya sauti. Kama kuna msomaji anayejua namna nzuri ya kuhifadhi rekodi ndefu za usiku bila kujaza diski, aniambie, maana mvua zinakaribia na mimi bado natumia simu ya zamani.