Kotisoli na Kidonda cha Tumbo

Husemwa mitaani kwamba mwenye mawazo mengi hupata vidonda vya tumbo. Kauli hiyo ina asili yake. Mwaka 1936 Hans Selye, mwanasayansi wa Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba panya waliotiwa katika taabu kama baridi kali walipata majeraha tumboni, huku tezi zao za adrenali, zikaazo juu ya figo, zikivimba. Wengi wakailaumu homoni ya tezi hizo, ambayo kwa binadamu ni kotisoli.

Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba lawama hiyo ilipita kiasi. Panya walionyimwa homoni hiyo, kisha wakatiwa taabuni, waliumia tumbo zaidi ya wenzao. Kwa muda mfupi homoni hii ni mlinzi: hudumisha mzunguko wa damu katika utando wa tumbo, pamoja na ute unaoukinga utando huo na asidi.

Balaa huja inapozidi kwa muda mrefu. Hapo hupunguza kuota kwa chembe mpya na vimishipa vya damu penye jeraha, na kidonda huchelewa kupona. Prednisoloni, dawa ya pumu na ya viungo, hufanya kazi kama kotisoli. Na hatari huwa kubwa ikimezwa pamoja na aspirini, diklofenaki au ibuprofeni.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, utokapo zamu mgongo ukiuma, usinunue vidonge vya maumivu kabla ya kumweleza mwuza dawa kila dawa unayotumia. Wala usiache prednisoloni ghafla kwa hofu. Tezi zilizopumzika kwa muda mrefu haziamki kwa siku moja, na maisha yako yaweza kuwa hatarini. Daktari ndiye apunguzaye, kidogo kidogo.

Tena, usiridhike na shauri la "punguza mawazo" tu. Mwaka 1982 Warren na Marshall wa Australia waligundua bakteria ambaye, pamoja na dawa za maumivu, ndiye chanzo cha vidonda vingi. Wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo hupimwa na kutibiwa.

Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.